Mchungaji Aliyekaa Ng'ambo ya Ziwa

Twataka kusema machache juu ya kitabu cha Ernesto Guevara, yule daktari wa Argentina aliyepigana vita vya Kuba, kinachosimulia safari yake ya Kongo mwaka 1965. Alikiandika Dar es Salaam baada ya kushindwa, nacho kilikaa miaka mingi kabla ya kupigwa chapa. Twamsifu kwa kuwa hakuficha aibu yake. Wakuu wengi wa vita huandika ushindi tu.

Alaumiwaye zaidi humo ni Laurent Kabila, ambaye wakati ule hajatimiza miaka 26. Alijiita mfuasi wa Ukomunisti. Silaha za Uchina na Urusi zilipita Kigoma kwenda kwa watu wake, na Kuba ikaleta askari zaidi ya mia. Hao walijificha kwa majina ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akaitwa Moja, Guevara mwenyewe Tatu. Guevara alivuka Ziwa Tanganyika mwezi wa Aprili. Mwezi wa Juni wakaishambulia ngome ya Bendera, wakapigwa, na Wakuba wanne wakafa. Wapiganaji wengi walitumaini dawa ya kuzuia risasi. Kabila alifika kambini mwezi wa Julai, akakaa siku chache tu, akarudi ng'ambo. Novemba Wakuba nao wakaondoka.

Sisi wa Mbulu na Hanang tu watu wa ng'ombe, na lawama hii twaielewa. Fisi haulizi mkuki wa mchungaji umetoka wapi. Aangalia kama mchungaji yupo.

Walakini kitabu kina upungufu. Guevara alikuja kwa siri, wala Kabila hakuambiwa mpaka mgeni amekwisha kuingia. Mtu asiyepiga hodi awezaje kumlaumu mwenye nyumba kwa kuwa hakumkuta? Jambo hili mwandishi alitaja, lakini twaona hakulipa uzito wake. Tena sauti ya Kabila mwenyewe hatuisikii humo.

Yaliyofuata kitabu hakiyasimulii, kwa maana Guevara aliuawa Bolivia mwaka 1967. Mwaka 1996 Kabila aliinuka tena, safari hii kwa nguvu za Rwanda na Uganda, na tarehe 17 Mei 1997 majeshi yake yakaingia Kinshasa. Mwaka 1998 walewale waliompandisha wakamgeukia. Januari 2001 akapigwa risasi na mlinzi wake.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tusiwacheke Wakongo. Nasi tumejengewa shule na zahanati kwa fedha za wageni, na msaada si dhambi. Bali kila mzee wa kanisa na kila mwalimu ajiulize: wageni wakivuka ziwa kurudi kwao, kundi litatuona tumesimama malishoni, au litaambiwa tuko safarini?