Heko kwa Watunza Programu

Msomaji wa Kasulu au Kibondo akifungua Maandiko kwenye simu, huona sura na mistari tu. Nyuma ya mistari hiyo kuna faili lenye alama za USFM, yaani alama za kupanga maandishi ya Biblia: \c hufungua sura, \v mstari, \f tanbihi. Mfasiri wa Kiha, lugha ya huko, akisahau kufunga tanbihi kwa \f*, maneno yanayofuata huweza kumezwa humo. Programu huria kama Haiola husoma alama hizo na kutoa kurasa za wavuti, vitabu pepe au PDF. Heko kwa wanaozitunza programu hizi: wanaosaka hitilafu, wanaoandika mwongozo unaoeleweka na kueleza kila badiliko, ili fundi ajaye asianze upya. Mkono mtupu haulambwi, tunaofaidi tuwachangie.