Nyuma ya Bati

Gari langu lilirudi kutoka gereji liking'aa kama la arusi. Kizingiti cha chini ya milango, ambacho kutu ilikuwa imekila hadi kidole kinapenya, kilikatwa, kikatiwa bati jipya, kikachomelewa, kikapigwa puti na rangi. Nililipa bila kinyongo. Ikapita masika moja tu, rangi ikaanza kuota malengelenge kandokando ya mshono, madogo kama punje za mtama. Nilipotumbua moja kwa ukucha nikakuta unga wa rangi ya tofali. Bati la zamani lililobaki lilikuwa zima. Jipya ndilo lililokuwa likioza.

Fundi wa pili nilimpata Kigamboni, mahali ambapo ukilamba midomo unaonja chumvi. Mzee huyu hakuitazama rangi hata kidogo. Alipiga magoti, akaingiza waya wa breki kwenye tundu la chini ya kizingiti, akauzungusha, akauchomoa umejaa vumbi jekundu.

"Mwanangu," akasema, "huyu kakujengea nyumba, hakuezeka."

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukalia benchi la banda lake, na nimeamua kwamba kazi ya bodi tunaisifu mahali pasipo pake. Tunausifu mkono unaochomelea kwa sababu una cheche, na tunaisifu rangi kwa sababu inaonekana. Ufundi wenyewe uko nyuma ya bati, ambako mwenye gari hatatia jicho maisha yake yote.

Sharti kwanza ujue moto unafanya nini. Bati la magari mengi ya leo hutoka kiwandani limevikwa zinki, ndugu wa mabati ya paa. Mfaransa Stanislas Sorel ndiye aliyechukua hataza ya njia hiyo mwaka 1837. Uzuri wa zinki ni kwamba ikikwaruzwa huliwa yenyewe ili chuma kipone. Lakini huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma hakiyeyuki mpaka kukaribia 1,500. Kwa hiyo chuma kinapoanza kushikana, zinki imeshapaa zamani. Ndio ule moshi mweupe unaompa fundi homa usiku. (Maziwa wanayokunywa mafundi wetu, nasikitika kusema, hayaizuii.) Rangi ya upande wa nyuma nayo imeungua ikawa majivu. Mshono mbichi ni chuma uchi pande zote mbili, na kwa hewa ya pwani, chuma kilichosagwa asubuhi kikang'aa, jioni kimeingia umanjano. Kiguse kwa mkono wa jasho, kesho utaziona alama za vidole vyako zimeandikwa kwa kutu.

Halafu kuna pale mabati mawili yanapolaliana. Katikati hubaki upenyo mwembamba kuliko karatasi, na maji huupanda yenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Yakishaingia hayatoki. Yakiwa na chumvi ndiyo balaa, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogomdogo.

Mzee huanzia hapo, kabla hajawasha mashine. Kingo zitakazolaliana huzipaka praima yenye zinki nyingi, ile inayovumilia kuchomelewa, kwani akishaunga hapafikiki tena. Akimaliza kuchomelea huusaga mshono, huupiga brashi ya waya mpaka weusi wa moto utoke, huufuta kwa thina na kitambaa safi, na kuanzia hapo haugusi tena kwa mkono mtupu. Praima ya epoksi hupakwa siku hiyohiyo. Puti huja juu yake. Hapo ndipo fundi wangu wa kwanza aliponimaliza: aliikandika puti juu ya chuma kitupu, akaisugua kwa msasa wa maji. Puti hunywa maji kama mkate.

Kisha kila mshono hujazwa gundi yake maalumu, inayokauka ikabaki na ulaini wa mpira. Nikimtazama akiikandamiza kwa kidole huwakumbuka mafundi wa majahazi. Wao wakishaunga mbao hukalafati: pamba iliyolowa mafuta hushindiliwa katika kila mwanya, halafu tumbo la chombo hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Mbao zilizoungwa bila kukalafatiwa ni chujio tu. Nilipomwambia mzee hivyo alicheka. Akasema jahazi likivuja unajua siku hiyohiyo. Gari linakuficha mwaka mzima.

Ya mwisho ni nta, na haiji mpaka rangi ikauke, maana ikitangulia rangi haitashika. Ana mpira mwembamba, mrefu kuliko kizingiti, ncha yake ameiziba akaitoboa pembeni kwa sindano. Huusukuma ndani mpaka ugote, hufungulia kompresa, kisha huuvuta polepole huku amenyamaza, sikio limeelekea bati. Nta hujaa huko gizani kama ukungu, inapenya kwenye maungio, na baada ya muda huanza kudondoka kwenye matundu ya kutolea maji, moja baada ya jingine, rangi ya asali. Hapo huzima. Huchukua njiti akayazibua matundu yote, kwa sababu kizingiti kisichotoa maji ni debe. Nimeona mafundi wanaoyachomelea kabisa kwa kutaka unadhifu. Wengine humwaga oili chafu. Ni afadhali kuliko kuacha hivihivi, ila oili iliyotumika hubeba tindikali, hulainisha mipira, na nyingi huishia chini ulipoegesha.

Kuchomelea upya gari langu kulimchukua mzee asubuhi moja. Mengine yote yalichukua siku nne, na masika ya tatu imepita sasa.

Ukienda kulichukua gari lako gereji, nenda na waya. Piga magoti, tafuta tundu la kutolea maji, uingize, uuzungushe, uuchomoe. Ukitoka na nta, lipa, kisha ongeza ya chai.