Nakala ya Uzeeni: Je, Bendi za Roki Zilizozeeka Zastahili Sifa Jukwaani?

Lugha yetu ina maneno manne ambayo watu huyachanganya mzee apandapo jukwaani kuimba. La kwanza ni heshima, nayo mzee hupewa kwa kuwa ni mzee, hata asipoimba. La pili ni huruma, nayo hupewa mtu aliyepungukiwa. La tatu ni shauku ya mambo yaliyopita, nayo si mali ya mwimbaji bali ni ya msikilizaji anayeulilia ujana wake mwenyewe. La nne ni sifa, nayo hulipwa kwa kazi iliyotendwa vema mbele ya macho yetu. Matatu ya kwanza yaweza kutolewa kabla wimbo haujaanza. Sifa haitolewi ila wimbo umekwisha. Insha hii yahusu neno hilo la nne.

Bendi za muziki wa roki zilizoanzishwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1960 na 1970 zimeendelea kupanda jukwaani hata wanachama wao wakafika miaka 70 na 80. Rolling Stones, waliopiga kwa mara ya kwanza kwa jina hilo mjini London tarehe 12 Julai 1962, walizunguka Amerika ya Kaskazini mwaka 2024. The Who, ambao ni wa London vilevile, walifanya huko safari yao ya kuaga mwaka 2025. Wako wahakiki wasemao kwamba mambo haya ni fedheha: roki ni muziki wa ujana, na mzee auchezaye ni kama babu aliyevaa kanzu ya mjukuu wake. Wako wengine wasemao kwamba ni ushujaa: mtu wa miaka 80 asimamaye mbele ya maelfu ya watu na apigiwe makofi, asiulizwe neno. Naona pande zote mbili zimepotea njia, tena zimepotea pamoja. Zote zahukumu umri, na umri si kazi.

Ili tupate kipimo, yatupasa kwanza kujua roki ni sanaa ya namna gani. Shairi la Kiswahili likiisha kutoka mkononi mwa mtunzi huwa mali ya kila mghani: mtunzi hufa, mghani mwingine hulitia mahadhi yake, na shairi halipungui. Muziki wa Ulaya ulioandikwa nao ni vivyo hivyo. Beethoven alifariki mwaka 1827, lakini kazi zake zapigwa hata leo na watu wasiomjua ila kwa karatasi. Roki haikujengwa juu ya karatasi. Ilijengwa juu ya koo fulani na vidole fulani, na nakala yake ya kwanza ni santuri. Nakala hiyo msikilizaji huiweka moyoni kama asili isiyobadilika, na kila onyesho la baadaye hulipima kwayo. Basi bendi iliyozeeka ina mshindani asiyezeeka, naye ni bendi hiyo hiyo ilipokuwa changa.

Wasomaji wa jarida hili wamezoea tatizo la namna hii. Tukipata hati mbili za utenzi mmoja, na ya pili ikawa na beti zilizobadilika, hatusemi kwamba imeharibika kwa sababu imekuja nyuma. Twauliza: je, badiliko hili ni kosa la mnakili aliyechoka, au ni sahihisho la mtunzi aliyeufikiri upya utenzi wake? Nadai kwamba onyesho la uzeeni ni hati ya pili, na lastahili kusomwa vivyo. Ikiwa badiliko ni upungufu mtupu, mwimbaji na apewe heshima na huruma, lakini sifa tuizuie. Ikiwa badiliko limezaa maana ambayo hati ya kwanza haikuwa nayo, sifa ni haki yake, na kumnyima ni dhuluma.

Tuanze na mfano ulio mgumu. Mwaka 1965 The Who walitoa wimbo uitwao "My Generation". Mtunzi wake, Pete Townshend, alikuwa na miaka 20, na mwimbaji, Roger Daltrey, alikuwa na miaka 21. Wimbo huo ni shutuma ya kijana juu ya wazee, na ndani yake kijana huyo atamani kufa kuliko kuzeeka. Daltrey aliuimba kwa kigugumizi cha makusudi, kana kwamba hasira imemkaba. Mpiga ngoma wao, Keith Moon, alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 32, na dua ya wimbo ikawa imempata yeye. Mpiga gitaa la besi, John Entwistle, alifariki tarehe 27 Juni 2002, siku moja kabla ya safari ya maonyesho kuanza. Safari iliahirishwa kwa siku chache tu, kisha ikaendelea. Wawili waliobaki waliendelea kuuimba wimbo huo hata uzeeni.

Mhakiki mwepesi hucheka hapa, aone kwamba wazee wamejikana wenyewe kwa kinywa chao. Lakini na asikilize tena. Kijana wa 1965 alikuwa mshitaki. Mzee aimbapo maneno yale yale, yeye ndiye mshitakiwa, na ushahidi ni wake mwenyewe. Asimama mbele ya watu akikiri kwamba dua yake haikujibiwa, na kwamba wenzake wawili wametangulia. Kigugumizi kilichokuwa cha hasira sasa chasikika kama cha mtu ambaye neno lenyewe lakataa kumtoka. Hakuna herufi iliyobadilishwa, lakini maana imegeuka juu chini. Hilo ni sahihisho la mtunzi, wala si kosa la mnakili. Haina maana kwamba kila walilotenda ni la kusifiwa. Mwaka 1982 walifanya safari iliyotangazwa kuwa ya kuaga, kisha wakarudi jukwaani. Aagaye mara nyingi, kwaheri yake huwa tangazo la biashara.

Rolling Stones watupa fundisho la pili. Mick Jagger, aliyezaliwa tarehe 26 Julai 1943, alitibiwa vali ya moyo mwaka 2019, na kabla mwaka haujafika nusu alikuwa amerudi jukwaani. Katika safari ya 2024 alikuwa na miaka 80 tangu onyesho la kwanza hata la mwisho, na alikimbia na kucheza kama ada yake. Safari hiyo ilidhaminiwa na AARP, jumuiya ya Marekani inayotetea watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Ajabu ya mwili wa Jagger haina ubishi. Lakini ni ajabu ya namna gani? Akimbiapo ili afanane na yule wa mwaka 1969, jitihada yake yote ni kuturudishia hati ya kwanza bila ya doa. Tumsifu kama tumsifuvyo mwanariadha. Sifa ya msanii ni nyingine.

Karibu yake amesimama Keith Richards, ambaye mwaka 2023 alikiri hadharani kwamba baridi yabisi ya vidole imembadilishia namna ya kupiga gitaa, na kwamba gitaa lenyewe humfundisha njia nyingine. Hapo ndipo mhakiki ategeshe sikio. Mkono usioweza kufanya yote hulazimika kuchagua, na kuchagua ndio mwanzo wa sanaa. Noti iliyoachwa na mpigaji asiyejua ni pengo. Noti iliyoachwa na mtu aliyeipiga kwa miaka 60 ni kituo, kama kituo cha mghani ajuaye mizani.

Tena tukumbuke asili ya watu hawa. Jina la bendi walilitoa katika wimbo wa Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Chicago, na vijana wale wa 1962 hawakutaka kitu ila kuiga watu waliowazidi umri. Bluzi haikuwa muziki wa ujana. Muddy Waters mwenyewe aliimba hata miaka ya mwisho ya maisha yake, akafariki mwaka 1983, wala hakuna aliyeona aibu kwa mvi zake. Mwaka 2016 Rolling Stones walitoa santuri ya nyimbo za bluzi za watu wengine, iitwayo "Blue & Lonesome". Kwa mtazamo huo, uzee haukuwatoa katika sanaa yao. Umewafikisha pale walipokuwa wakijifanya wamefika walipokuwa na miaka 19.

Sasa tutazame wale ambao mwili uliwashinda waziwazi. Phil Collins alikuwa mpiga ngoma wa Genesis kabla hajawa mwimbaji wao. Katika onyesho lao la mwisho, London, tarehe 26 Machi 2022, aliimba akiwa ameketi, maana maradhi yalikuwa yamemnyima uwezo wa kupiga ngoma. Aliyepiga ngoma nyuma yake alikuwa mwanawe, Nic, kijana wa miaka 20. Tarehe 5 Julai 2025, Ozzy Osbourne, mgonjwa wa maradhi ya Parkinson, aliimba akiwa ameketi katika kiti cha enzi, Villa Park, Birmingham, pamoja na wenzake wa asili wa Black Sabbath, karibu na mitaa walikokulia. Sauti haikuwa ile ya mwaka 1970. Alifariki tarehe 22 Julai, siku 17 baadaye, akiwa na miaka 76.

Je, tuliyoyatoa hapo ni sifa au ni huruma? Nakiri kwamba swali hili lilinisumbua. Jibu langu ni kwamba ishara ya huruma ni kufumba macho: tumwoneapo mtu huruma twajifanya hatuoni upungufu wake. Lakini Collins na Osbourne hawakututaka tufumbe macho. Kiti kiliwekwa katikati ya jukwaa. Baba aliikabidhi ngoma kwa mwana mbele ya umati, na kukabidhi huko kukawa sehemu ya onyesho. Aliyeketi akaimba juu ya giza na mauti, kama alivyofanya tangu ujana, sasa alikuwa karibu nayo kuliko msikilizaji yeyote. Upungufu uliofichwa ni aibu. Upungufu uliowekwa mezani ni hoja.

Kinyume chake ni Kiss, bendi ya New York iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo wanachama wake walijipaka rangi usoni. Uso uliopakwa rangi hauzeeki. Katika onyesho lao la mwisho, tarehe 2 Desemba 2023, walitangaza kwamba sanamu zao zilizotengenezwa kwa kompyuta ndizo zitakazoendelea. Abba, ambao ni wa Sweden na si wa roki, walitangulia katika njia hiyo: tangu tarehe 27 Mei 2022 vivuli vyao vya ujanani vimeimba London. Katika maonyesho kama hayo hati ya kwanza imeshinda kabisa. Hapana kosa, kwa hiyo hapana sahihisho. Fundi aliyeunda vivuli hivyo astahili sifa ya ufundi, lakini hakuna mwimbaji hapo wa kupewa sifa ya kuimba.

Queen nao wana suala lao, na suala hilo lafika hata pwani yetu. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akafariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Brian May na Roger Taylor wameendelea kupiga nyimbo zile pamoja na Adam Lambert, aliyezaliwa mwaka 1982, na jina lake huandikwa kando ya jina la bendi. Naiona hiyo kuwa adabu njema, kama mhariri aandikapo jina lake jaladani ili msomaji ajue mkono wa nani umeingia.

Katika kisiwa hicho alichozaliwa Mercury aliishi pia Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude, akaimba taarabu na kupiga ngoma ya unyago hadi uzee wa mwisho. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Unyago ni mafunzo, na mwenye kufunza ni mwenye umri. Uzee wa Bi Kidude haukuwa deni juu ya sanaa yake. Ulikuwa idhini yake. Sauti iliyokwaruza ilikuwa dalili kwamba mwenye kusema ameyapitia. Roki iliufanya ujana kuwa mtaji wake wote, na ndiyo sababu mzee wa roki hudaiwa kila jioni mali aliyokwisha kuitumia.

Patakuwa na mtu wa kuuliza juu ya fedha. Tiketi za bendi hizi ni ghali, na tamaa haikosekani. Ni kweli, lakini hoja hiyo haipimi kitu, kwa kuwa kijana naye huimba kwa malipo. Aliye tayari kuacha fedha astahili kutajwa pia. Tarehe 2 Agosti 2024 Aerosmith, bendi ya Boston, walitangaza kuacha safari za maonyesho kwa kuwa sauti ya mwimbaji wao, Steven Tyler, iliyojeruhiwa mwaka uliotangulia, haikupona vya kutosha. Kujua wimbo umekwisha ni sehemu ya kujua kuimba.

Hukumu yangu basi ni hii. Bendi iliyozeeka haistahili sifa kwa kuwa ingali hai, wala haistahili dharau kwa kuwa si changa. Na iulizwe swali moja: je, miaka imeingia ndani ya wimbo, au imefungiwa nje ya mlango? Kwa mhakiki jambo hili si dogo. Tukimsifu mzee kwa huruma, tumemdanganya mtu ambaye muda wake wa kudanganywa umebaki mfupi, na siku atakapoimba vema kweli hatutakuwa na neno la kumpa, kwa sababu tutakuwa tumekwisha kulitumia.