Tatu kwa Nne, Sita kwa Nane

Swali lililonimaliza chuoni lilikuwa la mstari mmoja: eleza tofauti kati ya 3/4 na 6/8. Zote zinabeba noti fupi sita ndani ya kipimo kimoja. Sasa tofauti iko wapi? Nilimwaga maelezo ya kitabu vile nilivyoyakariri, mhadhiri akaandika pembeni kwamba sijaelewa. Na kusema ukweli, sikuwa nimeelewa. Mwaka wa pili sikurudi. Karo ilichangia, sitadanganya, lakini lile somo la nadharia ndilo lililonifanya niamini kwamba muziki haukuwa wangu.

Kinachoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo mikononi tangu kidato cha kwanza. Shuleni nilipiga ngoma ndogo katika kundi la isukuti, lile tulilopeleka kwenye tamasha la muziki. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na ngoma zake huja tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Katika mpangilio wetu, mimi nilikuwa nagawa mwendo kwa tatu, ngoma kubwa inagawa kwa mbili, na hakuna aliyepotea. Miaka minne. Halafu naulizwa kwa maandishi, nashindwa.

Tunachambua albamu, tunachambua riwaya, lakini vifaa vya darasa la muziki vinapita bila kuguswa, ilhali ndivyo vinavyoamua nani ataitwa mwanamuziki. Wacha niviguse.

Nianze na kitabu cha nadharia. Karibu vyote nilivyopitia vinafungua kwa mistari mitano, ufunguo, kisha jedwali la noti na thamani zake. Zoezi: kamilisha vipimo vifuatavyo. Unaweza kumaliza sura tatu bila kutoa sauti hata moja, na bila kumhitaji mwenzako. Makofi na ngoma vinakuja mbele huko, kwenye sura ya muziki wa Kiafrika, kana kwamba muziki huo hauna nadharia, una mavazi tu.

Halafu kuna rekoda, ile filimbi ya plastiki ambayo wazazi wengi wameinunua tangu mtaala wa CBC uingie. Sina ugomvi nayo. Ni rahisi kubeba, inafunza pumzi, na noti za kwanza, B, A na G, zinapigwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Shida ni vile inavyotumika. Watoto arobaini wakipiga noti ileile kwa wakati uleule, hilo si kundi. Hakuna anayelazimika kumsikiliza jirani yake.

Kifaa ninachokitetea ni kile wasomi wa muziki hukidharau: karatasi ya solfa. Ile fotokopi iliyofifia, juu imeandikwa "Doh is G", chini d, r, m na nukta mbili-mbili. Mfumo huu ulianzishwa Uingereza na Sarah Glover wa Norwich, kisha katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akauboresha ili watu wa kawaida waweze kuimba pamoja bila kusomea mistari mitano. Wamishonari wakausambaza Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka wa 1897 akiwa mtu wa solfa, na leo wimbo huo ndio msingi wa wimbo wa taifa la Tanzania.

Solfa inafanya kazi kwa sababu ilizaliwa ndani ya kundi. Haikuulizi noti yako inaitwaje, inakuuliza iko umbali gani na doh ya wote. Huhitaji piano. Lakini nayo ina upofu wake: kwenye karatasi zetu sauti nne zilikuwa zimeandikwa, ngoma hazikuwa. Ngoma tulizibeba kichwani, na kitu kisichoandikwa, shule hukichukulia kama kitu kisichojulikana.

Siku hizi Jumamosi nasaidia watoto kwenye ukumbi mmoja hapa Eastlands. Hatuna vitabu. Nikawaambia: hesabuni moja hadi sita, mkirudia. Kundi la kwanza, pigeni makofi kwenye 1, 3 na 5. Kundi la pili, kwenye 1 na 4. Mara ya kwanza ikawa fujo na kicheko. Mara ya tatu ikashika. Hiyo ndiyo tofauti, buda. Kundi la kwanza liko kwenye 3/4, la pili kwenye 6/8, sita ni ileile. Jaribu peke yako uone vile ni ngumu. Mkiwa wengi, mtoto wa miaka tisa anaiweza.

Kuna atakayesema nawaandaa watoto kufeli, kwamba mtihani unataka kusoma noti. Ni kweli, na si mtihani tu. Asiyesoma noti hufungiwa milango mingi, na mimi ni mmoja wao. Sisemi tutupe mistari mitano. Nasema ije baada ya sauti. Na hili si wazo langu: Kodály huko Hungaria alijenga mbinu yake juu ya uimbaji na solfa, na Orff huko Ujerumani akaanza na maneno, makofi na miondoko. Sisi tulikuwa na ngoma tatu uani, tukaziacha huko nje tukaingia darasani kuchora ufunguo.

Jumamosi iliyopita, baada ya makofi, msichana mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, hiyo inaandikwaje?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilichukua chaki nikachora mistari mitano. Noti sita nikazifunga mbili-mbili, chini yake nikaziandika tena, nikazifunga tatu-tatu. Mkono ulisita kidogo. Kisha nikageuka, nikawaambia wapige wanachokiona.