Kikombe, Uji na Makanisa Mawili

Katika semina zetu bado tunaukariri ule mfano wa kikombe na uji: eti fani ni kikombe, maudhui ni uji, na uji uleule waweza kumiminwa katika kikombe kingine usibadilike. Mimi mfano huu haunikai akilini. Tuujaribu, wenzangu, kwa majengo mawili ya dini moja: Hagia Sophia ya Konstantinopoli (Istanbul ya leo), iliyojengwa mwaka 532 hadi 537, na kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lililojengwa upya baada ya moto wa 1194.

Haya, uji ni mmoja: Mungu yuleyule, Kristo yuleyule. Sasa ingia ndani.

Kule Hagia Sophia unakutana na kuba lenye upana wa mita 31 hivi. Kuweka duara juu ya mraba si mchezo. Wajenzi Anthemius na Isidore walijaza pembe kwa pembetatu zilizopinda, uzito ukateremkia nguzo nne nene. Kisha wakazungushia kitako cha kuba madirisha 40, hata likaonekana linaelea juu ya mwanga. Mbingu imeshuka, imekufunika. Unasimama tu, umeshafika.

Chartres haikuachi usimame. Inakuvuta mbele hadi altareni, halafu juu, kama mita 37. Matao yamechongoka, na uzito unasukumwa nje kwenye mihimili inayoliegemeza jengo. Ukuta, ukiwa umetuliwa mzigo, unageuka kuwa vioo vya rangi vyenye visa vya Biblia. Mbingu hapa ingali mbali, unaisafiria.

Atakayesema huo ni ufundi tu akumbuke kwamba kuba la kwanza la Hagia Sophia liliporomoka mwaka 558, wakalijenga tena, tena likiwa refu zaidi. Kwa kujikinga mvua tu, paa lolote lingetosha.

Lakini kuna hoja inayonisumbua kweli. Mwaka 1453 Hagia Sophia iligeuzwa msikiti, baadaye makumbusho, na mwaka 2020 ikawa msikiti tena. Si ndicho kikombe chenyewe hicho, kimebadilishwa uji? Karibu nikubali. Ila tazama Süleymaniye, msikiti aliojenga Sinan mjini humohumo katika miaka ya 1550: kuba kubwa katikati, nusu-kuba mbele na nyuma, mwanga umezunguka. Aliyerithi kikombe alifundishwa nacho namna ya kunywa.