Mvuvi Asiyeua

Mvuvi tumezoea kumpima kwa samaki waliokufa. Akirudi na ndoo tele tunamshangilia. Akirudi mikono mitupu tunamcheka. Lakini yuko mvuvi ambaye samaki mmoja akimfia anahesabu hasara. Huyo ni yule anayevua vifaranga bwawani ili wapelekwe maji mengine wakakue. Mara nyingi hufanya kazi hiyo akisaidiwa na majirani waliojitolea kwa malipo ya chai na mandazi, nami sijui kazi ya mikono inayostahili sifa kuliko hiyo.

Kwetu Isiolo, nchi ya ngamia na mbuzi, samaki bado ni mgeni katika sufuria nyingi. Hata hivyo, ufugaji wa samaki si jambo geni Kenya. Vituo vya Sagana na Kiganjo vilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140. Bwawa lilichukua mita mraba 300, na likahitaji vifaranga wapatao 1,000. Kuchimba shimo ni suala la jembe na jasho. Kuwafikisha hao elfu moja wakiwa hai ndiko kunakotaka ufundi.

Maandalizi huanza siku moja kabla. Vifaranga hunyimwa chakula, kwa kuwa aliyeshiba huchafua maji ya safari na kuwatilia wenzake sumu. Kazi yenyewe hufanywa alfajiri, jua halijachemsha maji. Bwawa hupunguzwa hadi magotini, watu wawili wakashika ncha za wavu, na wengine wakatembea nyuma yao wakikandamiza kamba ya chini kwa nyayo, maana ikiinuka kidogo tu kundi zima hupita. Wavu huvutwa polepole. Ukiharakishwa, tope hutibuka na kuziba matamvua. Na kabla ya kumgusa samaki, mikono hulowanishwa: kiganja kikavu humvua ule utelezi unaomkinga na magonjwa.

Kama ni kambare, kuna kazi ya ziada ya kuwachambua kwa ukubwa, kwani mkubwa hummeza mdogo bila kujali undugu. Kisha huja hesabu. Stadi huhesabu chujio la kwanza mmoja mmoja, halafu yanayofuata huyajazia kipimo kilekile, upesi, asiwaache hewani. Mfuko mzito wa nailoni hutiwa maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, ukafungwa kwa mpira. Wakitoka Sagana kuja kwetu, wasafiri hao hupanda hadi baridi ya Timau, kisha huteremka kwenye joto la Isiolo. Ndiyo maana wakifika hawamwagwi. Mfuko huachwa uelee bwawani kwa robo saa au zaidi, maji ya bwawa yakaongezwa mfukoni kidogo kidogo, mpaka kifaranga atoke mwenyewe kwa hiari yake.

Sehemu ya mwisho ya ufundi huu ni kujua mahali pa kutowaachilia. Trauti waliletwa kutoka Uskochi mwaka 1905, na mpaka leo wamo katika mito ya Mlima Kenya; mgeni wa majini akishazaana mtoni, kumrudisha kwao ni muhali. Sisi tuna chemchemi za Buffalo Springs, ambako anaishi tilapia wa asili ambaye wanasayansi humwita percivali. Mfugaji anayejali hujenga ukingo imara na kuziba mfereji wake kwa wavu ili samaki wa bwawani wasifike kwenye chemchemi hizo wala kwenye mto Ewaso Ng'iro. Subira iliyookoa vifaranga mfukoni isipofika hapo, imeishia njiani.

Basi ukisikia jirani anavuna vifaranga, nenda ukamsaidie. Acha viatu ukingoni, lowesha mikono, na umsikilize anayeijua kazi hata kama ni mdogo kwako kwa umri. Vifaranga hao, wakiwa ni tilapia, watahitaji miezi sita hadi minane kabla ya kufika sokoni, na kila atakayefika atakuwa amepita salama mikononi mwa mtu.