Nusu Sekunde ya Pianola 16

Ballet Mécanique, filamu ya Fernand Léger na Dudley Murphy, ilionyeshwa mwaka 1924 bila muziki wake. Muziki huo wa George Antheil, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, ulisikika jijini humo mwaka 1926 bila filamu. Vitu vilivyokusudiwa kwenda pamoja vikaachana mlangoni.

Kosa lilianzia kwenye hesabu ya Antheil. Alitaka pianola 16, yaani piano zinazojipiga zenyewe, zikisindikizwa na king'ora, kengele za umeme na propela za ndege. Pianola ya zama zile husoma karatasi yenye matundu inayovutwa kwa nguvu ya hewa, na kila moja huivuta kwa mwendo wake. Kuziwasha zote kwa wakati mmoja ni rahisi. Kuzizuia zisiachane ndiyo shughuli. Onyesho la Paris likabaki na pianola moja, na piano za kawaida zikajaza pengo.

Antheil hakuliacha wazo la karatasi zinazokwenda pamoja. Mwaka 1942, yeye na mwigizaji Hedy Lamarr walipata hataza ya kuongoza topido kwa redio inayorukaruka katika masafa 88, idadi ileile ya vibonyezo vya piano. Karatasi mbili zenye matundu zilipaswa kwenda sawa, moja melini na nyingine ndani ya topido. Ni tatizo lile la pianola, ila sasa limepewa baruti.

Pianola 16 zilikuja kusikika mwaka 1999 huko Lowell, Massachusetts, Paul Lehrman alipotumia Disklavier 16, piano za Yamaha zinazojipiga kwa umeme. Karatasi hakuna tena: amri za kidijitali za muziki (MIDI) kutoka kompyuta moja zilizifikia piano zote.

Hata hivyo, piano ni mbao, chuma na nyundo zenye uzito. Sumaku ya umeme iliyo chini ya kibonyezo ikisukuma kwa nguvu, nyundo hufika kwenye waya upesi. Ikisukuma taratibu ili sauti iwe laini, nyundo huchelewa. Amri zikitekelezwa papo hapo, noti laini zitabaki nyuma ya zile kali. Dawa ya Yamaha ni ya kiungwana: piano huishikilia kila amri kwa nusu sekunde, milisekunde 500, na ndani ya muda huo huanza kusukuma noti laini mapema kidogo, ili zote zilie kwa pamoja. Kwa hiyo piano inapoambatana na video, ni picha inayopaswa kuisubiri piano. Anayesahau hilo ataona mkono wa mpigaji kwenye video umeshanyanyuka ndipo sauti itoke.

Kuanza pamoja pia hakutoshi. Video ya mfumo wa Marekani hukimbia kwa picha 29.97 kwa sekunde. Kifaa kinachohesabu 30 kamili kitapishana nayo kwa takriban sekunde 1.8 ndani ya nusu saa. Ndiyo maana Disklavier za baadaye hutoa alama za saa zinazorekodiwa kwenye njia moja ya sauti ya video, huku njia ya pili ikibeba sauti ya kawaida. Wakati wa kucheza, piano huzisoma alama hizo na kuifuata picha. Video ikisimamishwa, vibonyezo navyo vinatulia.

Kwa kazi ya Antheil, hata alama hizo zisingemaliza mambo. Muziki wake unakaribia nusu saa, na filamu haifiki dakika 20, kwa hiyo Lehrman alilazimika kuukata muziki kabla ya kuuoanisha na picha.